Chungu cha asali: kisanduku kisichoonekana kinacholinda fomu ya duka

Papa mmoja mwenye duka la vipuri vya malori katika komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, aliniita asubuhi akiwa ameudhika. "Mwanangu, ile fomu ya mawasiliano uliyonitengenezea kwenye tovuti imekuwa jalala." Alinipa simu. Barua pepe zilikuwa zimejaa matangazo ya mikopo, dawa, michezo ya kamari, na watu wanaoahidi kuipandisha tovuti yake hadi juu kabisa kwenye Google. Katikati ya uchafu huo tulikuta ombi la mteja wa Likasi aliyetaka filta za dizeli. Lilikuwa na siku nne bila kujibiwa, na mteja alikwisha kununua kwingine.

Hasara ya barua taka iko hapo. Kufuta ujumbe ni kazi ya sekunde chache, lakini macho yakizoea kufuta, hufuta na mteja pia.

Watu wengi hudhani kuna mtu fulani aliyekaa mahali akiwaandama. Sivyo. Zinazotuma ni roboti, yaani programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta kurasa zenye fomu. Zikiipata, zinasoma msimbo wa ukurasa, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga, zinajaza kila kisanduku zinachokikuta, zinatuma, zinaendelea na safari. Hazijui kama duka lako linauza vipuri au maandazi, na udogo wako haukufichi.

Chungu cha asali ni mtego unaotumia ulafi huo wa kujaza kila kitu. Kwenye fomu, pamoja na jina, barua pepe na ujumbe, unaongeza kisanduku kimoja cha ziada, kisha unakificha kwa mtindo wa ukurasa ili kisionekane kwenye skrini. Mteja hakioni, kwa hiyo anakiacha kitupu. Roboti inasoma msimbo, inakiona, inakijaza. Fomu ikifika kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, swali ni moja tu: kile kisanduku kina kitu? Kikiwa na kitu, ujumbe hauendi kwa mwenye duka.

Ninaupenda mtego huu kwa sababu mteja hafanyi lolote. Linganisha na kapcha, lile jaribio la kusoma herufi zilizopindapinda au kuchagua picha zenye taa za barabarani. Jina hilo lilitungwa na Luis von Ahn, Manuel Blum, Nicholas Hopper na John Langford, na wazo lake ni kumpa mgeni mtihani ambao mtu anauweza na kompyuta inashindwa. Siku hizi kompyuta zinaushinda mara nyingi, na kuna watu wanaolipwa kuutatua kwa niaba ya roboti. Anayebaki kuteseka ni dereva aliye Kasumbalesa kwenye foleni ya mpaka, anayehesabu mega zake huku picha zikikataa kufunguka. Kwa duka dogo mimi siweki kapcha mpaka njia nyingine zishindwe.

Hata hivyo, wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na chungu cha asali hakijaepuka hilo. Vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, hujaza fomu vyenyewe kwa anwani na namba ambazo mtu amewahi kuzihifadhi. Ukikiita kisanduku chako cha siri "simu" au "anwani", kivinjari cha mteja halali kinaweza kukijaza bila yeye kujua, naye akahesabiwa kuwa roboti. Kipe jina ambalo kivinjari hakina taarifa yake, na uzime ujazaji wa kiotomatiki kwenye kisanduku hicho. Wapo pia wateja wasioona, ambao programu ya kusomea skrini huwasomea kila kilicho kwenye ukurasa. Kwao kifiche kisisomwe, kisifikiwe kwa kitufe cha kurukia visanduku, na juu yake uandike "Usijaze hapa". Na usitumie ile aina ya kisanduku ambayo msimbo wenyewe unaitangaza kuwa imefichwa. Roboti nyingi zimeizoea na huiruka.

Mwenzake wa chungu cha asali ni saa. Fomu inakumbuka ilifunguliwa lini na ilitumwa lini. Hakuna mtu anayeandika jina, namba na maelezo ya gia boksi kwa sekunde mbili. Roboti inaweza.

Kinachonitia hofu zaidi ni orodha za maneno yaliyokatazwa, ambazo watu huzinakili kutoka kwingine bila kuzisoma. Nimeiona moja iliyokuwa na neno "dola". Hapa kwetu vipuri vinatajwa bei kwa dola! Orodha hiyo ingemfungia nje karibu kila mteja wa kweli anayeuliza bei. Nyingine inakataa ujumbe wowote ambao haukuandikwa kwa Kiingereza, wakati wateja wa papa wanaandika Kifaransa na Kiswahili ndani ya sentensi moja. Hata kuzuia nchi za nje si salama, maana Zambia iko jirani na wanunuzi wanavuka. Kuhesabu viungo, yaani anwani za kubofya zinazopeleka kwenye kurasa nyingine, kuna nafuu zaidi: mtu anayetaka filta hana sababu ya kubandika viungo vitano.

Kuna jambo moja ambalo wenye tovuti hawaambiwi. Fomu inayotuma jibu la kiotomatiki, "Asante, tumepokea ujumbe wako", hutumika kuwasumbua wengine. Roboti inaandika anwani ya mtu asiyehusika, na duka lako ndilo linalomtumia barua asiyoiomba. Jibu likibeba na ujumbe ulioandikwa kwenye fomu, basi tangazo la tapeli limefika kwa jina lako, na watoa huduma wa barua pepe wakianza kukushuku, hata ankara zako za kweli zitaishia kwenye folda ya taka. Nilizima jibu hilo kwenye fomu ya papa siku ileile.

Ujumbe unaonaswa sikuufuta. Unaingia kwenye folda ya pembeni, na kila Jumamosi kabla ya kufunga duka, binti yake anaipitia. Wiki ya pili alikuta humo mtu mmoja wa Kolwezi aliyebandika viungo sita, vyote picha za pampu iliyovunjika aliyokuwa akitafuta mfano wake. Tulipandisha kikomo cha viungo, naye akapigiwa simu jioni hiyo.