Mzee akikimbilia migombani, msimcheke

Mkesha wa mwaka mpya nilikuwa nyumbani Kibosho, si mnajua Desemba Wachaga wote tumepanda kwetu mlimani, vijana wakalipua fataki na mzee jirani yetu aliyekuwa amekaa na kata yake ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, nikaona kata iko chini, mbege imemwagika, yeye kashaingia migombani kalala kifudifudi. Watu wakacheka. Mama mmoja akasema, "Vita ilimharibu huyo."

Mi ni mwanasaikolojia, nafanya kazi hapa Moshi, na kile kicheko kiliniuma sana jamani. Yule mzee alikuwa mgambo. Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwaka 1978 jeshi peke yake halikutosha, wakachukuliwa na mgambo, polisi, magereza, JKT, yaani mtu alikuwa na kahawa yake shambani akapewa bunduki, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Afu mgambo wengi wakarudi zao kulima. Nchi ilikuwa hoi, sabuni hakuna sukari hakuna, nani angekaa amuulize mtu unalalaje usiku? Hata huko Marekani kiwewe cha aina hii kimeingia rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili mwaka 1980, wazee wetu washarudi majumbani.

Sasa kinachotokea ni hivi, ubongo ukikaa muda mrefu chini ya mizinga unajifunza kwamba mlio ni kifo, na ukisikia mlio hausubiri ufikirie, mwili unakimbia kwanza wewe unaelewa baadaye. Sio woga, sio uchizi, na wala hajarogwa.

Ila mtaani Julai 25, Siku ya Mashujaa, mzee kama huyu ni shujaa, kesho yake watoto wanaambiwa msimchokoze huyo ameua watu. Wengi wao hawana fujo kabisa, wanajitenga, hawalali, wengine wanajitibu na pombe, na ukimwogopa ndo anazidi kujitenga. Na hawa vijana wanaorudi kutoka kulinda amani Kongo nao tunawapokea hivyohivyo, akimaliza mkataba tunamtafutia kazi ya ulinzi wa usiku, mtu ambaye usiku ndo unamtesa!

Nilimfuata mzee kule migombani, mke wake alikuwa ameshafika na tochi, kakaa tu pembeni yake kimya. Mzee akaniuliza, "Washamaliza?" Nikamwambia bado kidogo baba, tukakaa wote watatu. Vijana nimeshaongea nao, mwaka huu watapita kumwambia saa kabla hawajawasha.