Mikoko ya Dar: yanayosemwa na ukweli wake

Wapo wanaoamini kwamba mikoko yote ni mti mmoja, na kwamba mti usio na mizizi ya matao si jamii hiyo. Dhana hii inaumiza, maana ndiyo inayowafanya watu wapande mche wa aina moja kila mahali, hata pasipoufaa, kisha ukafa.

Mizizi ya matao inayoshuka toka shinani hadi topeni ni ya mkoko wenyewe, ambao ni aina moja tu ya miti iitwayo kwa pamoja mikoko. Nenda Kunduchi au Mbweni maji yakiwa yamekupwa, utazame chini kwanza. Vijiti vilivyochomoza topeni vikiwa na unene wa penseli ni mizizi ya kupumulia ya mchu. Vikiwa vinene, vipana chini na vimechongoka juu, hapo pana mlilana. Msinzi hukunja mizizi yake ikatokeza magoti. Umeshatenganisha minne na hujagusa jani hata moja! Majani yaje kuthibitisha: la mkoko lina kimwiba nchani, la mchu ni kijivu cheupe upande wa chini, la mlilana limeviringana.

Kimo nacho hudanganya. Mti mrefu ulio kando ya mkondo na ule uliodumaa kwenye uwanda mkavu nyuma yake vyaweza kuwa aina ile ile. Chumvi iliyokolea udongoni huuzuia mti usirefuke. Kwa hiyo mfupi si lazima uwe mchanga.

Dhana nyingine: mmea wa chumvi lazima uwe na majani manono. Ipo mimea ya namna hiyo, hasa ile inayotambaa mchangani. Lakini tazama mivinje ya ufukweni, inayostahimili upepo wa chumvi: vile vinavyoonekana kuwa majani membamba ni vijitawi vya kijani, na majani halisi ni magamba madogo kwenye vifundo vyake.

Husemwa pia kwamba ukilamba jani lisiwe na chumvi, mti huo si wa jamii ya mikoko. Jaribio hilo linafaa kwa mchu, ambao hutoa chumvi kupitia tezi za majani hadi chembe zake zikaonekana juani. Lakini mkoko wenyewe huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, isipande. Na hata jani la mchu, ukililamba mara baada ya mvua ya masika, huenda usionje kitu, kwa kuwa chembe zimeshaoshwa.