Je, wajua kwa nini risasi ya kumwindia koyote huundwa ivunjike?

Wengi wetu tukisikia habari za bunduki hudhani kwamba risasi bora ni ile nzito, ngumu, inayopenya. Kwa nyati ni kweli. Lakini ukienda majimbo ya Marekani kama Wyoming, Montana au Dakota Kusini majira ya baridi, utakuta wawindaji wa koyote wanatafuta kinyume chake: kichwa cha risasi (kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni) chepesi, chenye kasi ya ajabu, ambacho kikishaingia mwilini kinasambaratika humohumo na hakitoki upande wa pili.

Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini, anayefanana na bweha wetu ila ni mkubwa kidogo. Wengi wana uzito wa kilo 9 hadi 16 hivi. Wafugaji wa kondoo hawampendi kwa sababu hula wanakondoo, na majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu awindwe mwaka mzima. Ngozi yake, hata hivyo, huwa na thamani wakati wa baridi tu, manyoya yakiwa yamejaa. Kwa miaka mingi manyoya hayo yalishonewa kofia za makoti ya baridi, mpaka soko likapata pigo pale kampuni ya Canada Goose ilipotangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kununua manyoya.

Sasa fikiria mwili wenyewe. Kifua cha koyote, ubavu hadi ubavu, hakifiki shubiri moja. Risasi ngumu ya kijeshi, iliyofunikwa shaba mwili mzima, hupita hapo upesi mno na kuondoka na sehemu kubwa ya nguvu yake. Mnyama anaweza kukimbia mbali kabla ya kufa, na huko ni kumtesa. Risasi ya kuwindia kulungu nayo hutanuka bila kuvunjika, ikapita na kuacha upande wa pili tundu kubwa ambalo hakuna mshonaji atakayelihangaikia. Ndiyo maana mwindaji anataka tundu dogo la kuingilia, lisiwepo la kutokea, na nguvu yote iishie ndani ya mapafu na moyo.

Hilo hupatikana kwa mambo mawili: umbo na kasi. Vichwa vya aina hii vina koti jembamba sana la shaba, kiini cha madini ya risasi (ile metali laini na nzito), na uwazi mdogo kwenye ncha, mara nyingi ukiwa umezibwa kwa ncha ya plastiki. Kikigonga, ile plastiki inasukumwa nyuma na kukipasua kichwa kutoka ndani. Chukua kaliba (kipimo cha mtutu na risasi yake) maarufu ya .223 Remington. Kichwa cha gramu 3.6 hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 990 kwa sekunde, karibu mara tatu ya kasi ya sauti. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu nayo hukizungusha. Mtutu unaokizungusha mara moja kila sentimita 23 hukipa mizunguko zaidi ya 4,000 kwa sekunde! Kikiwa hewani koti linahimili. Likishapasuka tu, mzunguko ule unatawanya vipande pande zote.

Hapa ndipo ninapoona watu wengi wanakosea wakichagua kwa kuangalia kasi peke yake. Kichwa chepesi mno kikigonga mfupa wa bega kinaweza kuvunjika palepale juu, kikaacha jeraha pana lisilofika moyoni. Kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko ngozi kutoboka. Kwa sababu hiyo, wenye kaliba zenye kasi zaidi, kama .22-250 Remington, huwa na busara ya kupanda uzito kidogo, kutoka gramu 2.6 kwenda 3.2 au 3.6, ili kichwa kiwahi kuzama kabla ya kusambaratika. Na palipo na upepo mkali, kama ilivyo nyanda za juu za Wyoming, kichwa kizito kidogo hakiyumbishwi sana.

Ndiyo sababu moja ya wawindaji wengi kujitengenezea risasi nyumbani. Ganda la shaba nyeupe lililokwisha kupigwa husafishwa, hurudishwa kwenye umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono, huwekwa fataki mpya (kiwashio cha baruti) kwenye kitako, humiminiwa baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha kichwa hukandamizwa mahali pake. Mizani hiyo husoma hadi miligramu 6 au 7. Anayejitengenezea huchagua kichwa, kasi, na hata kina cha kukikalisha kichwa ndani ya ganda, kwa sababu mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda vitu tofauti. Huchagua pia aina ya baruti isiyobadilika sana na hali ya hewa, maana risasi iliyojaribiwa Agosti kwenye joto la nyuzi 30 itapigwa Januari kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Kazi hii haina nafasi ya kubahatisha. Vipimo hutoka kwenye vitabu vya watengenezaji wa baruti na vichwa. Mtu huanza chini ya kiwango cha juu, kwa kawaida asilimia 10, akapanda polepole huku akikagua maganda. Fataki iliyobonyea bapa au bolti (komeo la bunduki) inayogoma kufunguka ni dalili kwamba shinikizo limezidi, na hapo lazima arudi nyuma.

Lakini risasi inayovunjika ina gharama ambayo mpigaji haioni. Vipande vidogo vya madini ya risasi hubaki kwenye mzoga, na mizoga ya koyote mara nyingi huachwa porini, ambako tai na ndege wengine wala mizoga huila na kupata sumu. Kondori wa California, ndege wakubwa wala mizoga, walikuwa wamebaki 22 tu mwaka 1982, na sumu hiyo bado huwaua. Kwa ajili yao, kuanzia Julai 1, 2019, California imekataza kuwindia mnyama yeyote kwa risasi zenye madini hayo. Naiona sheria hiyo kuwa ya haki, kwa sababu vichwa mbadala vipo, vikiwemo vyenye kiini cha unga wa shaba na bati unaosagika vilevile. Kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu huhitaji mtutu unaozungusha kwa kasi zaidi ili kisipepesuke hewani. Mwenye bunduki ya zamani inayozungusha mara moja kila sentimita 30 hulazimika kutumia vichwa vifupi vya gramu 2.3 hivi, au kubadilisha mtutu.