Kwa nini ngome ya Kilwa inaitwa Gereza?

Ukishuka chomboni Kilwa Kisiwani, kinachokulaki ufukweni ni kuta nene za matumbawe na chokaa, zenye mlango mkubwa wa mbao uliotiwa nakshi. Wenyeji wanaliita jengo hilo Gereza. Mgeni huuliza papo hapo: nani alifungwa humu?

Lilijengwa liwe ngome, si jela. Wareno walijenga ya kwao hapo mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512. Hii tunayoiona ni ya Waomani, ya karibu mwaka 1800, iliyosimamishwa juu ya mabaki ya ile ya kwanza. Neno gereza nalo ni urithi wa Wareno, kutokana na igreja, yaani kanisa.

Kanisa likawaje ngome? Maelezo yanayoniingia akilini ni haya: Mreno aliweka padri na mizinga ndani ya ukuta mmoja. Mtu wa pwani aliyekuwa nje ya ukuta huo alisikia jina moja, akaona boma zima. Nenda Unguja, usimame mbele ya Ngome Kongwe, mkabala na Forodhani. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa lao. Baadaye, katika karne ya 19, ikafungiwa watu. Kanisa, ngome, kifungo: safari nzima ya neno imo katika kiwanja kimoja!

Kwingineko mambo yalikwenda vivyo hivyo. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilifunga watu kuanzia 1910 hadi 1984. Mizinga ilikuwa imenyamaza, lakini kuta zilikuwa bado imara, na ukuta unaozuia adui asiingie unamzuia mfungwa asitoke. Ndipo gereza likabaki na maana tunayoijua leo.

Neno ngome lenyewe halikupoteza nguvu. Jimbo ambalo chama kimelishikilia miaka na miaka ni ngome yake, na mpinzani akishinda hapo tunasema ngome imebomoka. Mpirani vilevile: mtangazaji akisema mshambuliaji ameipenya ngome, msikilizaji wa redio anawaona mabeki wameachwa nyuma, kipa amebaki peke yake.