Tiba shufaa si kukata tamaa

Hapa Kigoma, jamaa wakiambiwa kwamba mgonjwa wao wa saratani ataanzishiwa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso mengine ya ugonjwa mzito, wengi huelewa kwamba madaktari wamenyoosha mikono, na wapo wanaowapigia simu papo hapo ndugu wa Kasulu na Uvinza waje kumuaga. Si kosa lao peke yao, kwani hata redioni huduma hii mara nyingi hutajwa sambamba na kifo.

Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mapema, pamoja na matibabu ya ugonjwa wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, nusu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa walioipata mapema waliishi zaidi ya miezi 11.6, ilhali kwa waliopata matibabu ya kawaida pekee kiwango hicho kilikuwa miezi 8.9.

Dawa inayoogopwa zaidi katika huduma hii ni mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Dawa hiyo ya maji hupimwa kwa bomba lisilo na sindano, hunywewa kila baada ya saa 4, na huambatana na dawa ya kulainisha choo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, bali humwezesha mama aliyekesha akiugulia maumivu kulala, kula ugali wake kwa migebuka na kuzungumza na wajukuu. Wala tiba shufaa si ya saratani tu: wenye moyo kushindwa kufanya kazi na wenye figo zilizofeli nao wanaistahili.