Kukatika pumzi usingizini si ugonjwa wa wanene peke yao

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kwamba kukatika pumzi usingizini ni ugonjwa wa wanaume wanene, na ukipungua mwili umepona. Si hivyo. Unene huongeza hatari kweli, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, lakini hata mwembamba mwenye taya lililorudi nyuma anaweza kuupata. Kwa watoto, mara nyingi chanzo ni tonsili kubwa. Wanawake wengi hulalamikia zaidi uchovu, kukosa usingizi na kuumwa kichwa asubuhi, ndiyo maana huchelewa kutambuliwa, na hilo linasikitisha.

Uhakika hupatikana kwa kipimo cha usiku, wakati mwingine nyumbani kwako: mshipi kifuani, kimrija puani, kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni. Huhesabiwa mara ambazo pumzi inakatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi. 30 na kuendelea ni kali.

Tiba nayo hutofautiana. Mmoja hupewa mashine ya kusukuma hewa, mwingine kifaa cha kuvuta taya mbele. Anayekatika pumzi akilala chali tu huweza kusaidiwa na kulala ubavu.

Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Mwenzio akikoroma, akanyamaza ghafla, kisha akashtuka akitafuta hewa, mwambie akapimwe.