Dayodi za amplifaya ya valvu: ipi inauawa na volti, ipi na joto

Wateja wangu wa Mwanza hawachoki kuniuliza: "Fundi, hizi mbona hujazifungia hitisinki (bamba la kupoza)?" Wananyooshea kidole dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) ndogo nyeusi za upande wa volti kubwa wa amplifaya ya valvu, yaani ya taa za kioo. Hizo haziuawi na joto. Zinauawa na volti.

Chukua transfoma ya 300-0-300, yaani volti 300 kila upande wa waya wa kati. Mita inasoma 300, lakini kilele cha wimbi la umeme ni 424. Dayodi ikiwa imefunga, kapasita iliyojaa iko mbele yake na transfoma inavuta kinyume nyuma yake, kwa hiyo inabeba vilele viwili: volti 848. 1N4007, dayodi ya kawaida, inavumilia 1000. Kwa hesabu inatosha, ila valvu zikiwa bado baridi transfoma haina mzigo na volti zinapanda, na umeme wa mtaani nao haukai kwenye 230 siku zote. Mimi naunga mbili mfululizo kila upande; kitu cha bei ndogo hivyo hakibaniwi. Dayodi ya UF4007 inafunga haraka zaidi, lakini kikomo chake ni hizohizo 1000. Joto lake? Amplifaya ikila miliampia 150, kila upande unapata nusu, na dayodi haifikishi hata wati 0.1. Miguu yake inatosha kuipoza.

Moto uko kwenye filamenti, waya unaopasha valvu. EL34 moja (valvu ya kutoa nguvu) inakula ampia 1.5, nne ni ampia 6. Ukizilisha DC, mkondo unapita dayodi mbili za briji (dayodi nne zilizoungwa kugeuza AC kuwa DC) kwa pamoja, karibu volti 1 kila moja. Hizo ni wati 12, joto la pasi ndogo ya kulehemu iliyofungiwa ndani ya boksi. Watu huiacha briji ya KBPC3510 ikining'inia kwenye waya kwa kuwa imeandikwa ampia 35. Hizo 35 ni za briji iliyopozwa! Ifunge kwa bolti kwenye chasisi ya alumini, pesti ya kupitisha joto iwe nyembamba. Ganda lake limetengwa na umeme, huhitaji karatasi ya kukinga. Ingawa, kusema kweli, EL34 zinaridhika na AC. DC naiwekea ECC83 tu, valvu ndogo ya mwanzo wa amplifaya, ambayo inakula ampia 0.3.

Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi inabeba joto pungufu, kwa hiyo hitisinki nazidisha kidogo. Halafu kuna wale wadudu wa ziwani: wakivamia Kirumba jioni, matundu ya hewa yote yanajaa. Weka wavu, uusafishe mara kwa mara. Ukifungua boksi, pima kapasita kwanza, maana hata baada ya kuchomoa plagi zinaweza kubaki na volti 400.